Kumtafuta Mtaalamu wa Ustawi wa Jamii Anayefanya Kazi Binafsi

Mlaji anaponunua kilo ya sukari katika soko la Tandika, mzani uko mbele ya macho yake, na Wakala wa Vipimo huukagua mzani huo na kuupiga chapa. Anapoketi mbele ya mtu aliyeahidi kumsaidia binti yake aliyeacha kuzungumza, hana mzani wowote. Anachonunua ni usikivu na maneno, na kwa desturi ya kazi yenyewe anakinunua faraghani, pasipo shahidi. Kwa hiyo uchunguzi wake lazima aufanye kabla ya kuingia chumbani.

Huenda msomaji akaona si staha kumwita mlaji mtu anayelilia ndoa yake au mwanawe. Neno hilo tumelikuta katika sheria. Tunalitumia kwa sababu aliyetoa fedha anayo haki ya kujua amenunua nini na kwa nani, hata kama alikuwa akibubujikwa na machozi alipoitoa.

Tumtunge mama mmoja wa Chang'ombe kwa ajili ya somo hili. Anawapikia chakula mafundi samani wa Keko. Binti yake wa miaka 14 amekuwa mkimya tangu likizo iliyopita, hali vizuri, na usiku hulala taa ikiwaka. Jirani anampeleka kwa "daktari wa ushauri" mwenye chumba ghorofani. Ukutani kuna karatasi tano katika fremu. Bwana huyo anataka shilingi 300,000 za vikao kumi, zitumwe kwa simu siku hiyohiyo, na anasema atazungumza na binti peke yake.

Mtaalamu huyu ni nani

Wengi wetu tunamjua afisa ustawi wa jamii kwa sura yake ya kiserikali. Tunamkuta katika ofisi ya manispaa, katika mashauri ya watoto mahakamani, na hospitalini akimhangaikia mgonjwa asiye na ndugu au asiyeweza kulipa. Sehemu kubwa ya mafunzo ya kada hii imejengwa Kijitonyama, katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Siku hizi baadhi ya vyuo vikuu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwamo, hutoa shahada ya fani hiyo. Wachache kati ya wahitimu hufungua ofisi zao wenyewe, nao ndio tunaowazungumzia.

Anayefanya kazi ya kliniki ni yule anayekaa na mtu mmoja au familia moja, akasikiliza, akaipima hali, akaweka mpango wa ushauri nasaha na kumwunganisha mhusika na huduma nyingine. Hatoi dawa. Akitoa vidonge kwenye droo amevuka mpaka wa kazi yake. Mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayetaka kujidhuru, ni wa kupelekwa hospitali bila kusubiri kikao cha pili. Kijana aliyenaswa na heroini naye ana huduma ya methadoni, ambayo hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, ya Temeke ikiwa mojawapo. Mtaalamu mwaminifu atakuambia hayo mapema, japo kwa kusema hivyo anapoteza mteja.

Karatasi tano ukutani

Hapa ndipo walaji wengi hukosea, nasi hatuwalaumu, kwa maana karatasi zote zina mihuri na nyingi zina nembo ya taifa. Turudi katika chumba kile cha ghorofani tuzisome moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni leseni ya biashara. Hiyo ni ruhusa ya kufanya biashara mahali fulani kwa kulipa ada fulani. Ya pili ni cheti cha BRELA, kinachothibitisha kwamba jina la biashara au kampuni limesajiliwa. Ya tatu ni cheti cha namba ya mlipakodi kutoka TRA. Zote tatu ni halali na ni vizuri kuwa nazo, lakini hakuna hata moja iliyomwuliza mwenye chumba kama amewahi kusoma namna ya kuzungumza na mtoto aliyeumizwa. Muuza mabati wa Barabara ya Nyerere anazo vilevile.

Ya nne ni cheti cha usajili wa shirika lisilo la kiserikali. Kinaeleza kwamba shirika lipo kisheria. Hakielezi sifa za mtu aliyeketi kwenye kiti.

Ya tano ina maandishi ya dhahabu kwa Kiingereza na inadai kuwa ni leseni ya kimataifa. Hiyo ichunguzwe kuliko zote. Nchini Marekani, ambako kazi hii ya binafsi imekomaa, leseni hutolewa na kila jimbo kwa mipaka yake. Mwombaji wa ngazi ya kliniki huwa na shahada ya uzamili, amefanya kazi kwa muda mrefu chini ya msimamizi, na amefaulu mtihani. Jina lake linaweza kutafutwa na mtu yeyote katika daftari la bodi ya jimbo. Hata hivyo leseni ya jimbo moja haimpi ruhusa katika jimbo jirani, sembuse Temeke. Cheti cha kozi ya siku chache mtandaoni si leseni ya nchi yoyote.

Karatasi inayotakiwa haimo katika hizo tano. Ni cheti cha taaluma: stashahada au shahada ya ustawi wa jamii kutoka chuo kinachotambuliwa. Vyuo vya ngazi ya stashahada husimamiwa na NACTVET, na vyuo vikuu na TCU, ambayo pia hutathmini vyeti vya vyuo vikuu vya nje. Mlaji anaweza kuuliza chuo na mwaka wa kuhitimu, kisha akauliza chuoni.

Halafu kuna swali la daftari. Daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na wakili yumo katika orodha ya mawakili. Kada ya ustawi wa jamii ilikulia ndani ya utumishi wa serikali, na kwa miaka mingi haikuwa na baraza lake la kisheria. Wanataaluma wenyewe wana chama chao, TASWO, na uanachama ni dalili njema, lakini kadi ya chama haigeuki kuwa leseni ya serikali. Jirani zetu wa Kenya waliwatungia washauri nasaha na wanasaikolojia sheria mwaka 2014, yenye bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina leseni", mjibu kwa upole: "Ya nani, na ya kufanya kazi gani?" Kisha jibu lake lipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au katika ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Temeke. Maafisa hao wanajua nani hupokea wateja wanaoelekezwa kutoka serikalini, nao hawatozi ada kwa kuulizwa.

Tunajua swali hilo ni zito kinywani. Watu wetu wamelelewa kumwita "daktari" kila aliyevaa koti jeupe, na wengine waliovaa koti hilo hawawasahihishi. Mama wa mfano wetu anaweza kusema hivi: "Samahani kaka, kabla hatujaanza ningependa kujua umesomea wapi, na kazi yako anaisimamia nani." Mwenye taaluma huzoea kuulizwa. Akikasirika, mama amekwisha kupata jibu, tena bure.

Kazi ambazo hazinunuliwi

Zipo huduma zinazouzwa mitaani ambazo hakuna mtaalamu binafsi anayeweza kuziuza. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanandoa anayetaka talaka mahakamani hutakiwa kwanza, isipokuwa katika mazingira maalumu, kupeleka mgogoro katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo hutoa hati kama usuluhishi umeshindikana. Barua ya mshauri binafsi haichukui nafasi ya hati hiyo, hata awe amewasikiliza wanandoa mwaka mzima. Mwanamke aliyelipia barua ya namna hiyo huambiwa mahakamani aanze upya, na nauli na miezi imekwenda. Wakazi wa Chang'ombe wana bahati kwamba Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia masuala ya familia kipo Temeke. Waulize hapo utaratibu kabla ya kulipa popote.

Vivyo hivyo kwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii katika shauri la malezi au kuasili mtoto. Taarifa hiyo huandaliwa na afisa ustawi wa jamii kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Anayekuuzia "ripoti ya ustawi ya mahakamani" anakuuzia karatasi tupu.

Mtoto

Mama wa mfano wetu anashuku kwamba binti yake alifanyiwa jambo baya na mtu wa ukoo. Bwana wa ghorofani anamwambia: "Mama, tuyamalize humu humu, ukienda polisi utaivunja familia." Hilo peke yake latosha kuchukua mkoba na kuondoka. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Usiri wa mshauri unakoma pale mtoto alipo hatarini, na mtaalamu wa kweli huutaja mpaka huo katika kikao cha kwanza, kabla hujasema lolote.

Mahali pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii, au hospitali, na jambo likiwa la karibuni hospitali isicheleweshwe. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo. Ushauri wa muda mrefu utahitajika baadaye, na hapo mtaalamu binafsi mwenye sifa anaweza kuwa msaada mkubwa. Mtoto azungumze naye faragha, ndiyo, lakini ofisini, mlezi akiwa nje ya mlango, si nyumbani kwa mtaalamu na si usiku.

Fedha na kumbukumbu

Tunashauri kulipa kikao kimoja kimoja. Fedha za vikao kumi zikishatumwa kwa simu, ni vigumu kuzirudisha baada ya kikao cha pili kukuonyesha kwamba hamuelewani. Dai risiti yenye jina la ofisi, tarehe na huduma iliyotolewa. Uliza pia anaandika nini juu yako, anakiweka wapi na nani hukisoma. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Mshauri anayebandika mtandaoni "shuhuda" za wateja pamoja na sura zao amekuonyesha atakavyofanya na yako.

Anayejitangaza kwa sifa asizo nazo anaweza kuwa amevunja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Anayelalamika atuletee tangazo alilolisoma, ujumbe wa muamala wa simu, risiti kama ipo, na picha ya karatasi zilizokuwa ukutani. Aliyozungumza ndani ya kikao hatuyahitaji, wala mtumishi wetu hataruhusiwa kumwuliza.