Nani Aamue Umri wa Barua Pepe za Kazini?

Watu wengi hudhani kwamba barua pepe ya kazini ni mali ya mwajiri, naye aweza kuifuta siku aipendayo. Natutazame yaliyotukia Marekani. Kampuni ya Arthur Andersen ilikuwa ikikagua hesabu za Enron, kampuni ya nishati. Ilikuwa na kanuni yake yenyewe ya kutupa karatasi zisizohitajiwa. Mwezi wa Oktoba 2001, uchunguzi wa serikali juu ya Enron ulipokaribia, ndipo wafanyakazi walipokumbushwa kanuni ile! Karatasi nyingi mno zikachanwa kwa mashine, na barua pepe zikafutwa. Kampuni ilihukumiwa mwaka 2002. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu, kwa kuwa jopo la raia halikuelezwa sheria sawasawa. Lakini kampuni ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Kufuta si kosa, maana kuweka kila barua milele ni kuhatarisha siri za wafanyakazi. Kosa ni kumwachia mwenye kuchunguzwa achague saa. Kwa hiyo naona sheria ndiyo iweke muda, si mwajiri peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 iliwaamuru wakaguzi watunze kumbukumbu zao miaka 5 kwa uchache, na anayeziharibu ili kuzuia uchunguzi aweza kufungwa hata miaka 20.