SOMO: Ng'ombe Ashibaye Huku Akikonda

Mwanachama, ng'ombe uliyemfunga kando ya mikarafuu ndiye mbolea yako, na ndiye maziwa ya watoto wako. Wakati wa ukavu humwona tumbo limejaa na mbavu zinahesabika. Sababu ni nini?

Majani yaliyokaukia shambani yana protini haba, mara nyingi sehemu 3 mpaka 5 katika 100. Tumboni mwa ng'ombe mna vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani. Protini ikipungua chini ya sehemu 7 hivi, vijidudu hudhoofika, chakula hukawia tumboni, naye huacha kula vizuri.

Tuwatazame wenzetu wa Nkololo, wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, nchi ya pamba na ng'ombe. Wasukuma tangu zamani hutenga malisho yaitwayo ngitili. Hufungwa mvua zianzapo, hufunguliwa kiangazi kikikaza. Ngitili hujaza tumbo, lakini majani yake nayo yamekauka, hivyo protini yapasa itoke penginepo. Katika nchi ya pamba haiko mbali: ni mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta.

Wengine husifu lusini iliyokaushwa. Ni kweli, ikikatwa inapoanza kutoa maua huwa na protini kama sehemu 18. Je, ni rahisi? Usipime bei ya gunia, pima bei ya protini. Kilo 10 za lusini hiyo zina protini kilo 1.8. Mashudu yaliyotolewa maganda vizuri yakiwa na sehemu 36, kilo 5 tu zatoa kiasi hichohicho. Basi kilo ya lusini ikizidi nusu ya bei ya kilo ya mashudu, nunua mashudu. Tena kumbuka nauli: lusini hujaza chombo upesi.

Kuipanda nako si kazi nyepesi, kwani haipendi udongo mchachu wala unaotuamisha maji. Afadhali sisi tupande gilirisidia na lukina uani. Majani yake yana protini sehemu 20 au zaidi, nayo hayana nauli.

Mambo ya kushika:

1. Kausha majani kivulini, usiyapukutishe. Protini nyingi imo katika majani, si katika vijiti.

2. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula. Ikizidi humdhuru mnyama na kumnyonyoa manyoya.

3. Ndama wachanga wasipewe mashudu ya pamba. Mashudu yenye ukungu yatupwe.

4. Lusini mbichi yenye umande huvimbisha tumbo, na huweza kuua.

5. Chakula kipya kianzwe kidogo kidogo, kwa muda wa wiki mbili.

Wenzetu wa Nkololo hufunga ngitili mvua zikinyesha, si njaa ikiwa mlangoni. Nasi tupande sasa, udongo ungali na maji.