Kitabu: Kununua au Kukodi?

Binti yako amepata nafasi Chuo cha Afya cha Kolandoto, Shinyanga, kusomea uuguzi. Pamba umeuza. Sasa anahitaji vitabu. Usikimbilie kuuza na ng'ombe.

Kwanza aulize maktaba ya chuo. Huko vitabu huazimwa bure.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme kitabu kipya ni shilingi 40,000, na kukodi ni 8,000 kwa muhula. Akikodi hicho hicho miaka 3, yaani mihula 6, atatoa 48,000! Basi kitabu cha maumbile ya mwili, atakachokihitaji mpaka kazini, mnunulie. Cha muhula mmoja, akodi.

Kitabu cha dawa tazameni mwaka wake, katika kurasa za mwanzo. Vipimo vya dawa hubadilika. Cha zamani msinunue, hata kikiuzwa 2,000.