SOMO: MDUDU WA TB ANAYENG'AA GIZANI

Huku Kericho na Bomet mchumaji majani chai akikohoa tunasema ati ni baridi ya asubuhi. Kumbe inaweza kuwa TB, na nyumbani wote wanavuta hewa ile ile.

Hebu tuone kazi ya maabara. Mdudu wa TB ana ngozi yenye nta. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya manjano iitwayo auramini, halafu huoshwa kwa asidi. Vitu vingine hupoteza rangi. Mdudu wa TB huishikilia. Chini ya darubini yenye mwanga wa buluu anang'aa kama kimulimuli usiku. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza darubini hizi ziwe na taa za LED.

Lakini ili aonekane, lazima wadudu wawe kama 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Kwa hivyo mate hayafai. Fanya hivi:

1. Sukutua kinywa kwa maji.
2. Vuta pumzi ndefu mara mbili, kisha kohoa kutoka kifuani.
3. Koholea nje, mbali na watu.

Ukiambiwa hakuna mdudu na bado unakohoa, rudi. Uliza kipimo cha GeneXpert, ambacho huona hata wadudu wachache. Ukianza dawa, kwa kawaida miezi 6, usiache ukijisikia nafuu.

Tujadiliane:
- Nani kwetu anakohoa na hajapimwa?
- Kikundi kitamsaidiaje kufika hospitali?