Kutoa ni Moyo, Kuuliza ni Haki

Wazee walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno hilo twalikubali. Lakini kwenye stendi ya Bunda, sokoni Musoma, au njia panda ya kwenda Butiama, aweza kutufikia mtu mwenye kisanduku na picha ya mgonjwa, naye hatumjui. Tumpe au tumnyime?

Wako watoao upesi ili waondokewe na usumbufu. Wako wanyimao wote wakisema wote ni walaghai. Wa kwanza humlisha mwizi; wa pili humwadhibu mgonjwa kwa kosa la mwizi. Njia zote mbili hazifai.

Tumtazame Mtakatifu Paulo. Alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuuchukua peke yake, bali Tito na ndugu wengine waliwekwa pamoja naye katika kazi hiyo, mtu yeyote asipate la kumlaumu. Ikiwa Mtume alikubali kuangaliwa, mchangishaji wa leo akasirike kwa nini akiulizwa?

Tena jina jema halitoshi kuwa ushahidi. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 huko Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, ilitangazwa akaunti ya benki ya kupokea michango ya maafa. Mwezi uleule Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa watumishi wawili wakubwa wa mkoa huo, kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina kama lile. Hatusemi hayo ili kumhukumu mtu, bali tujifunze kutazama zaidi ya jina.

Basi yafaa tutofautishe. Maskini aombaye chakula chake mwenyewe hatumdai hati. Njaa yake yatosha. Lakini aombaye kwa niaba ya wengine ni mjumbe, na mjumbe huonyesha aliyemtuma. Shirika lililoandikishwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 lina cheti cha usajili. Hata hivyo cheti cha shirika hakimthibitishi mtu; awe pia na kitambulisho, barua yenye jina lake, na stakabadhi za kutoa.

Akija kwa jina la Kanisa, tukumbuke kanuni ya 1265 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983: isipokuwa haki ya watawa waishio kwa kuomba, hakuna ruhusa kuchangisha kwa ajili ya taasisi ya Kanisa bila kibali cha maandishi cha mkubwa wake wa Kanisa na cha mkubwa wa mahali. Kwa hiyo mgeni mlangoni mwa kanisa, katika jimbo la Musoma au la Bunda, apelekwe kwanza kwa paroko.

Akisema mgonjwa amelazwa, tuulize hospitali gani na wodi gani. Aliye karibu aende kumwona, au alipe dirishani mwenyewe apewe risiti. Akitaka fedha kwa simu, tusome jina litokealo kabla ya kuthibitisha. Likiwa geni, tusitume. Naye atuharakishaye, au atutukanaye kwa kuulizwa, amekwisha kutupa sababu ya kungoja.

Wazazi wawafundishe watoto hayo kwa utulivu. Tukikataa, tukatae kwa adabu, bila kumwita mtu mwizi mbele ya watu, kwa maana shaka si hukumu. Palipo dalili ya wazi ya udanganyifu, taarifa ipelekwe kwa mtendaji au polisi, wala tusijichukulie sheria mikononi.

Mwishowe, fedha tuliyoizuia njiani isirudi kukaa mfukoni. Jioni ileile iende kwenye jumuiya ndogondogo, au kwa mjane jirani ambaye shida yake twaijua. Asiyefanya hivyo hakuwa mwangalifu. Alikuwa mchoyo aliyepata kisingizio.