SOMO LA 14: NDOO KICHWANI

Simama asubuhi kando ya njia iendayo kisimani. Utawaona akina mama wa Masuguru wakirudi na ndoo za maji kichwani. Njia ina mawe na mashimo. Lakini mama anatembea, anazungumza na mwenziwe, na maji hayamwagiki. Sasa mtwishe ndoo hiyo mtu asiyezoea. Hatua kumi tu, amelowa. Kwa nini?

Ubongo unaongoza mwili

Macho yanauarifu ubongo jinsi njia ilivyo. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachoueleza kama kichwa kimeinama au kimenyooka. Misuli nayo inapeleka habari. Ubongo unapokea habari zote, kisha unaamuru msuli upi ukaze na upi ulegee.

Tena ubongo hukisia mapema. Je, umewahi kuinua debe ukidhani limejaa, kumbe ni tupu? Mkono uliruka juu. Ubongo ulikuwa umekwisha andaa nguvu za debe lililojaa. Ukiliinua mara ya pili, mkono hauruki. Ubongo umeona kosa na umelisahihisha. Kazi hii hufanywa hasa na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kichwa, upande wa chini, iitwayo serebela.

Hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza kubeba. Huanza na kopo. Maji humwagika, naye hujirekebisha. Baada ya miaka mingi, mwili unajua wenyewe.

Utafiti wa Kenya

Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake kutoka ng'ambo walitoa habari za utafiti wao. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Walipima hewa waliyovuta wakati wa kutembea, ili wajue nguvu zilizotumika.

Waliona jambo la ajabu. Mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuongeza nguvu zilizotumika. Ulipozidi hapo, nguvu ziliongezeka.

Mwaka 1995 baadhi ya wataalamu hao walieleza sababu. Mtu akitembea, mwili hupanda na kushuka kidogo kila hatua, kama bembea. Nguvu za kupanda hurudi wakati wa kushuka, ila nyingine hupotea. Mama aliyezoea, akibeba mzigo, hupoteza nguvu chache zaidi. Huo ni ufundi wa mwili uliofunzwa.

Lakini si wote wanaopata nafuu hiyo. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba baadhi ya wanawake wa Kixhosa waliipata, wengine hawakuipata.

Tufanye hesabu

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mama mwenye kilo 50, sehemu yake ya tano ni:

50 ÷ 5 = kilo 10.

Basi ndoo ile ni mara mbili ya kipimo hicho! Mama anaibeba kwa ufundi, lakini anailipia. Mzigo mzito wa kila siku huweza kuumiza shingo na mgongo. Tusiseme, "Amezoea huyo," tukamwacha peke yake.

Tufanye nini?

1. Mtoto abebe chombo kidogo. Mwenye kilo 25 asizidi lita 5.
2. Mama mjamzito apunguziwe mzigo.
3. Wanaume wachote maji pia, kwa baiskeli au mkokoteni.
4. Saidianeni kutwishana na kutua.
5. Tumia ngata nzuri, na tembea wima.

Haba na haba hujaza kibaba. Safari mbili za ndoo ndogo hujaza mtungi uleule.

Maswali

1. Kwa nini mkono huruka ukiinua debe tupu ulilodhani limejaa?
2. Utafiti wa mwaka 1986 ulionyesha nini?
3. Una kilo ngapi? Tafuta sehemu yako ya tano.
4. Jadilianeni darasani: nyumbani kwako nani huchota maji? Mzigo huo unaweza kugawanywa vipi?