Dondoo muhimu: Kabla ya kumwaga zege la hospitali

Anza na hewa. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, korido zake zilitolewa nje ili wenye kifua kikuu wasibanane na wagonjwa wengine ndani. Vitanda navyo vikaelekezwa madirishani. Chukua wazo, usinakili ramani: Dar es Salaam, dirisha la magharibi litageuza wodi kuwa tanuri.

Chumba cha upasuaji kikae jirani na wodi ya wazazi, sakafu moja, na milango ipitishe machela bila kugeuzageuza. Njia ya taka na maiti isikutane na ya wageni. Jenereta, matangi ya maji na oksijeni vitengewe nafasi mapema. Ndugu wanaosubiri wajengewe kibanda chenye kivuli, la sivyo watatandika khanga ngazini.